Mwamba Kiwambo Huvutia Kwake: Haja ya Sinema ya Uani katika Kukuza Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mbinafsi, yule anayekabidhiwa jambo la wengi akaligeuza lake. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuwatazama mafundi wa ngoma kazini anajua kuwa methali hiyo ina ukweli mwingine. Ngozi haiwambiki bila kuvutwa, na anayeivuta ndiye anayeamua ngoma italiaje. Neno kiwambo, ambalo siku hizi hutumiwa kutajia skrini ya kompyuta, ya runinga na ya sinema, limezaliwa na kitenzi hicho hicho cha kuwamba. Kila kiwambo basi kina mwambaji wake, na kila mwambaji ana upande anaouvutia.

Makala haya yanashikilia kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya vinapaswa kujitengenezea viwambo vyao wenyewe, kwa kitambaa, mbao na kamba, na kuvisimamisha katika nyua za mabweni, za shule na za vijiji. Sababu ya kudai hivyo haihusiani na burudani peke yake. Sinema ya uani, yaani ile inayoonyeshwa nje, usiku, kwa vifaa vilivyoundwa nyumbani, inaweza kufanya kazi mbili ambazo kumbi za kulipia na simu za mkononi zimeshindwa kuzifanya: kuwakutanisha wazungumzaji wa Kiswahili na filamu za Kiswahili, na kuirudisha fasihi simulizi kwa watu walioitoa.

Kiwambo cha Wageni

Sinema ya nje si jambo geni katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika. Mradi huo ulianzishwa chini ya mwavuli wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ukafadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani, na kuongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu takriban 35 zilitengenezwa, na lori lenye projekta na jenereta likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika uwanjani jioni, kitambaa cheupe kikatundikwa, na picha zikaanza kutembea.

Filamu zenyewe zilihusu afya, kilimo na uwekaji wa akiba. Mojawapo ilisimulia habari za wafanyakazi wawili wa shamba: mmoja aliyeficha fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake aliyeziweka katika benki ya posta zikasalimika. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini waliobuni visa na kuamua ni funzo gani litolewe hawakuwa Waafrika. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kuwa mtazamaji wa Kiafrika alihitaji filamu ya mwendo wa polepole, isiyo na mbinu za kuunganisha picha kwa haraka, kwa kuwa eti asingeielewa nyingine yoyote. Dhana hiyo ilimhukumu mtazamaji kabla hajatazama. Mwamba ngoma alikuwa amekwisha kuivuta ngozi.

Baada ya uhuru, magari ya sinema ya wizara zinazohusika na habari, pamoja na yale ya kampuni za sabuni na mafuta ya kupikia, yaliendelea kufika masokoni na katika viwanja vya shule. Wazee wengi wa vijijini waliiona filamu yao ya kwanza kwa njia hiyo, baina ya tangazo moja na jingine. Mijini nako, kumbi za sinema zilistawi na baadaye nyingi zikafifia. Zilizokuwa kumbi za filamu ziligeuka kuwa makanisa, maduka au kumbi za shughuli nyingine. Shan ya Ngara, jijini Nairobi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyumba ya filamu za Kihindi, sasa ndiyo Sarakasi Dome. Kumbi zilizosalia au kuzaliwa upya zimo katika majengo makubwa ya biashara, na filamu zinazotawala humo ni za Marekani. Ni nadra mno kwa filamu ya Kiswahili kudumu humo wiki kadhaa.

Sauti ya Mfasiri

Pamoja na hayo, historia hii ina mhusika mmoja ambaye wasomi wa Kiswahili hawajampa heshima anayostahili. Huyu ni mfasiri wa uwanjani. Magari ya sinema ya enzi za ukoloni yalimtegemea mtu aliyesimama kando ya kiwambo, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watazamaji kwa lugha yao yanayotendeka katika picha. Waliomwajiri walimtaka atoe ujumbe wao tu. Lakini lugha haifungiki kwa urahisi namna hiyo. Mtu anayeufahamu ucheshi wa hadhira yake huongeza methali hapa na mzaha pale, na hatimaye hadhira humsikiliza yeye zaidi ya inavyoitazama picha.

Mfasiri huyo hajafa. Nchini Kenya anaitwa DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili kilichochanganyika na Sheng imefunika filamu nyingi za kigeni katika mabanda ya video. Nchini Tanzania, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kazi kama hiyo. Uganda wapo wale wanaoitwa VJ, ambao husimulia kwa Kiganda. Wapo wataalamu wanaoikunjia uso kazi hii kwa kuwa inavunja kanuni za lugha sanifu. Yamkini wana hoja. Hata hivyo, wangeiangalia kwa jicho la fasihi simulizi, wangemwona fanani kamili: ana hadhira iliyo hai mbele yake, ana vishazi vyake anavyovirudiarudia, hubadilisha usimulizi kulingana na mwitikio, na huimiliki hadithi ambayo hakuitunga. Hayo ndiyo wanafunzi hufundishwa darasani chini ya mada ya utendaji.

Filamu ya Kenya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina mwaka 2018, inalidhihirisha jambo hili vizuri. Mhusika wake mkuu ni Jo, msichana mgonjwa sana anayependa filamu za mashujaa. Dada yake anawashawishi wanakijiji, na kijiji kizima kinajitwika kazi ya kumtengenezea filamu ambamo yeye mwenyewe ndiye shujaa. Watu waliozoea kutazama wanageuka kuwa watengenezaji. Funzo lake kwa vyama vya wanafunzi halihitaji kufumbuliwa.

Amerikani Mbele, Kaniki Nyuma

Huenda msomaji akauliza: je, wanafunzi wasio na fedha watakitoa wapi kiwambo? Jibu ni kwamba kiwambo ni sehemu rahisi kuliko zote. Vitambaa viwili ambavyo majina yake yamo katika Kiswahili kwa zaidi ya karne moja vinatosha. Cha kwanza ni amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichopata jina lake kutokana na biashara ya Wamarekani, hasa wa Massachusetts, katika pwani ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo ilipewa nguvu na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Cha pili ni kaniki, kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea. Amerikani hupokea mwanga na kuurudisha kwa mtazamaji. Kaniki, ikishonewa nyuma yake, huzuia mwanga usipenye na kupotea upande wa pili. Shuka moja nyeupe ikitundikwa peke yake itaonyesha picha pia, lakini sehemu ya mwanga itaivuka, picha ipauke, na watoto waliokaa nyuma wayaone maandishi yamegeuka kinyume.

Vipimo navyo havihitaji mhandisi. Video nyingi za siku hizi huwa na umbo la 16 kwa 9. Kiwambo chenye upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 1.8 hulingana na umbo hilo na huwatosha watazamaji wengi wa ua mmoja. Fundi cherehani akipata kitambaa chenye upana wa mita 2, akakikata kwa urefu wa mita 3.4, atabakiwa na nafasi ya kukunja pindo pande zote, na hapatakuwa na mshono katikati ya uso wa muigizaji. Ukanda mweusi wa upana wa kiganja ukishonwa kuzunguka kingo huifanya picha ionekane imekolea zaidi, kwa kuwa jicho hupima weupe kwa kuulinganisha na weusi ulio jirani.

Fremu inaweza kuwa ya mbao za inchi mbili kwa mbili zilizokazwa kwa skrubu, au ya mabomba. Kitambaa hutobolewa pindoni na kutiwa pete za chuma, kisha kikavutwa kwa kamba kutoka pande zote nne hadi mikunjo yote iishe. Hapa ndipo maana ya kuwamba inapoonekana kwa macho. Ukivuta upande mmoja kuliko mwingine, uso wa mtu kwenye picha hupinda. Aidha, yafaa ikumbukwe kuwa kitambaa cha karibu mita sita za mraba ni tanga. Upepo ukivuma kwa ghafla, fremu isiyofungwa kwa kamba na vigingi itawaangukia watu waliokaa mbele. Ni busara kuwa tayari kuzilegeza kamba za chini, ili upepo upate pa kupitia, na kukishusha kiwambo kabisa upepo unapozidi. Ukingo wa chini uwe angalau mita moja juu ya ardhi. Mikeka itandikwe mbele na viti viwekwe nyuma.

Projekta ndiyo yenye gharama, lakini idara nyingi za vyuo vikuu tayari zinazo kwa ajili ya mihadhara, nazo hulala kabatini jioni. Projekta nyingi za darasani huhitaji umbali unaokaribia mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa hivyo, kiwambo cha mita 3.2 kitahitaji projekta iwekwe umbali wa takriban mita 4.8. Mwangaza hupimwa kwa lumeni, na tarakimu zinazochapishwa kwenye maboksi ya projekta ndogo za bei nafuu mara nyingi hutiwa chumvi. Mnunuzi atafute kipimo cha lumeni za ANSI. Tamaa ya ukubwa nayo idhibitiwe. Upana ukiongezwa mara mbili, eneo huongezeka mara nne, na mwangaza katika kila sehemu ya picha hushuka hadi robo. Kiwambo kidogo chenye picha angavu hushinda kikubwa chenye picha ya ukungu.

Sauti huhitaji uangalifu zaidi ya picha. Nje hakuna kuta za kuirudisha, hivyo hutawanyika. Spika mbili zilizowekwa kandokando ya kiwambo, zikielekezwa kwa watazamaji na kuinuliwa hadi usawa wa vichwa vyao, hutosha bila kuwaudhi majirani. Spika za simu au zile zilizomo ndani ya projekta hazifai, kwa maana lugha isiyosikika haikuzwi. Kuhusu umeme, projekta ya kawaida yenye taa hutumia takriban wati 300, na amplifaya ndogo huongeza kiasi tu. Jenereta ya kilowati moja huvimudu vyote, mradi isimamishwe mbali na watu kwa sababu ya kelele na moshi wake.

Isitoshe, Kenya imejaliwa jambo ambalo nchi za kaskazini zinalikosa. Jijini London, mwezi wa Juni, jua hukawia hadi baada ya saa tatu usiku, na anayetaka kuonyesha filamu uani hungoja hadi watoto wamechoka. Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, huona machweo karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na nusu saa baadaye giza limeshaingia. Filamu ikianza saa moja na robo, saa tatu inapogonga kila mtu ameshashika njia ya kwenda nyumbani. Giza la mapema ni mali, nayo haina bili.

Kipi Kionyeshwe?

Kiwambo kikishasimama, swali gumu zaidi hujitokeza. Iwapo kitatumiwa kuonyesha filamu zile zile za mapigano na mbio za magari, basi wanafunzi watakuwa wameunda kwa mikono yao tawi jingine la Hollywood, na ngozi itaendelea kuvutiwa kule kule.

Filamu za Kiswahili zipo. Mwaka 2021 mwongozaji wa Tanzania, Amil Shivji, alitoa Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto. Kisa cha Yasmin, anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, mwanaharakati anayepinga utawala wa kikoloni Unguja, kimesomwa na wanafunzi wengi wa fasihi. Ni wangapi kati yao wameitazama filamu yake katika kiwambo kinachostahili? Riwaya na filamu zikiwekwa bega kwa bega, mjadala wa usimulizi huchipuka wenyewe: sauti ya msimulizi wa riwaya inaponyamaza, ni nini kinachochukua nafasi yake? Mandhari ya mji hutajwa vipi bila maneno? Lahaja ya Unguja inaposikika kutoka vinywani mwa watu, je, inabeba kitu ambacho maandishi hayakibebi? Maswali ya aina hii hayajibiwi kwa kusoma muhtasari wa mtihani.

Zaidi ya hayo, kuna hazina iliyo karibu zaidi. Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili huenda nyanjani kukusanya ngano, vitendawili, nyimbo na mawaidha. Humkuta mtambaji, humrekodi kwa simu, hunukuu na kutafsiri, kisha huandika tasnifu. Tasnifu hupewa jalada gumu na kuwekwa maktabani. Mtambaji hubaki na shukrani, labda na pakiti ya sukari. Haoni sura yake wala hasikii sauti yake tena. Hajui iwapo alinukuliwa sawasawa. Hapa methali ya mwamba ngoma inamgeukia msomi mwenyewe, maana ngozi ameivuta hadi chuoni na kijiji kimebaki na mzinga mtupu.

Kiwambo cha uani kinaweza kulisahihisha jambo hili. Mtafiti akirudi na kitambaa chake, akakiwamba katika ua wa mtambaji yule yule na kuonyesha alichokirekodi, mambo mawili hutokea. Kwanza, wenyeji huimiliki tena kazi yao. Wajukuu humwona nyanya yao akiwa mkubwa kuliko nyota wa runinga. Pili, hadhira husahihisha. Mmoja atasema jina la jitu si hilo, mwingine atadai kwamba wimbo umekatizwa, wa tatu atasimulia mwisho ulio tofauti. Masahihisho hayo ni data ambayo mahojiano ya mtu mmoja hayawezi kuitoa. Wataalamu husisitiza kuwa fasihi simulizi haikamiliki bila utendaji na hadhira. Ukurasa wa tasnifu hupoteza ishara za mikono, kimya cha makusudi na mwitikio wa "Pakawa!" unaofuata "Paukwa!" Video huhifadhi sehemu ya hayo. Ua uliojaa watu huirudisha hadhira yenyewe.

Kiswahili kinanufaika vipi ikiwa ngano ilitambwa kwa Kipokomo, Kigiriama au Ekegusii? Kinanufaika kwa tafsiri. Mwanafunzi atakayeandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha atalazimika kuifupisha sentensi hadi mistari miwili inayosomeka kwa sekunde chache, bila kuua methali wala kuchuja ucheshi. Ni zoezi la tafsiri lililo kali kuliko mengi ya darasani, na wasahihishaji wake ni watu wanaozijua lugha zote mbili na ambao hawataficha kicheko wala kero. Hivyo Kiswahili hukutana na lugha za jamii bila kuzimeza.

Tamthilia nazo zina nafasi. Wanafunzi huigiza tamthilia ukumbini, hupigiwa makofi, kisha juhudi yote huyeyuka usiku huo. Zikirekodiwa kwa idhini ya waandishi na waigizaji, zinaweza kupelekwa katika shule za sekondari za mashambani ambako vikundi vya maigizo vya kulipia havifiki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hajawahi kuiona tamthilia yoyote jukwaani hufundishwa maelekezo ya jukwaa kama kanuni za hesabu.

Pingamizi

Wapo wanaodai kuwa kiwambo cha uani kimepitwa na wakati, kwani kila mtu ana simu mfukoni. Ni kweli kwamba simu zimeenea. Hata hivyo, simu humtenga mtazamaji. Humwonyesha kile ambacho mitambo imekadiria kuwa anakipenda, na hakuna anayecheka pamoja naye. Lugha hukua penye majibizano. Watu 40 wanaotazama kitu kimoja kwa wakati mmoja watabishana njiani wakirudi, na mabishano hayo ni Kiswahili kinachotumika.

Pingamizi la pili ni la kisheria, nalo lina uzito. Kumiliki nakala ya filamu si idhini ya kuionyesha hadharani. Idhini hiyo iko mikononi mwa mwenye haki. Aidha, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu zinazoonyeshwa kwa umma ziwe zimepitishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya. Nayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazipa jamii haki juu ya ngano na nyimbo zao. Badala ya kuzikwepa sheria hizi, vyama vya wanafunzi vizitumie kama shule. Chama kinachomwandikia mwongozaji barua ya Kiswahili kuomba ruhusa kinajifunza adabu ya kazi ya sanaa. Mtafiti anayemwomba mtambaji idhini mara mbili, ya kurekodi na ya kuonyesha, anamtambua kuwa msanii. Mtambaji akikataa, video isionyeshwe.

Pingamizi la tatu hutoka kwa walimu wanaohofia kuwa filamu itawaondoa wanafunzi vitabuni. Hofu hiyo haina budi kusikilizwa, kwa sababu utamaduni wa kusoma tayari unayumba. Lakini kosa si la kiwambo. Mwanafunzi anayetafuta njia ya mkato ameshaipata katika miongozo inayouzwa mitaani, na miongozo hiyo haina sauti, sura wala ladha. Filamu inayojadiliwa baada ya kutazamwa, kitabu kikiwa mkononi, huwarudisha wasomaji kwenye kurasa walizoziruka. Sharti liwe hilo: pasiwe na onyesho bila mjadala.

Lipo pia suala la usalama, hasa kwa wanawake na watoto wanaorejea usiku. Katika nyumba ya Waswahili, uani ni mahali pa wanawake pa kupikia, kusuka na kuzungumza, ilhali barazani hukaa wanaume. Sinema ya uani isilisahau jina lake. Ikiwa wanawake wa mtaa hawawezi kufika na kurudi kwa amani, au hawashirikishwi katika kuchagua kinachoonyeshwa, basi kilichojengwa ni baraza jingine tu.

Hitimisho

Kiswahili kimepewa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Hadhi hiyo iko katika karatasi. Matumizi huzaliwa mahali ambapo watu wana jambo la kutazama na kuzungumzia pamoja. Vyama vya wanafunzi haviwezi kungoja mfadhili, wizara au kampuni ije na lori lake, kwa sababu kila aliyekuja na lori lake alikuja na lake la kusema.

Hatua za kwanza ni chache na zinawezekana. Kila chama kishone kiwambo kimoja katika muhula mmoja. Kiiombe idara projekta yake kwa jioni moja kila mwezi. Kifungue daftari la idhini zinazotolewa na waongozaji, waandishi na watambaji. Kila mwanafunzi anayerejea kutoka nyanjani apange siku ya kukirudisha alichokichukua, kabla hajakiwasilisha kwa wasimamizi wake. Na katika kila ua, watakaochagua cha kuonyeshwa wawe wenyeji wa ua huo, pamoja na mabinti na akina mama wake.

Amerikani ilifika pwani ikiwa kitambaa cha wageni. Waswahili wakaivaa, wakaishona, wakaipa jina hadi ikawa yao. Kiwambo nacho kinaweza kufuata njia hiyo hiyo, iwapo walio na sindano hawataogopa kushona. Ngozi ni lazima ivutwe. Ni juu ya wanafunzi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba safari hii inavutwa kwa mikono mingi, kutoka pande zote nne.